Fedha Ndani ya Shimo la Makumbi

Mwatum binti Pandu hakuingia kwenye matope na fedha mwilini. Hilo lilikuwa sharti, na alilishika tangu siku mama yake alipomteremsha kwa mara ya kwanza kwenye mashimo ya makumbi ya Kiuyu, nyuma ya mikoko. Pete, kikuku, hata kipini cha pua, kikiwa cha fedha kilivuliwa na kuachwa nyumbani. Wanawake waliojisahau aliwarudisha yeye mwenyewe kutoka ufukweni, akiwa amejishika kiuno kama askari wa forodha. Ukiwauliza wazee sababu, walisema matope yale yana choyo. Wengine walisema yana mwenyewe. Mwatum hakuuliza. Alikuwa mtu wa kufuata alichoambiwa, na kwa muda mrefu tabia hiyo ilimlinda.

Sharti hilo alilivunja mara moja tu.

Kazi yake ilikuwa usumba. Alikusanya makumbi ya nazi, akayafukia kwenye matope ya pwani na kuyaacha yaoze taratibu mpaka nyama ya kumbi iachane na nyuzi zake. Kisha aliyafukua, akayaponda, akazianika nyuzi na kusokota kamba. Matope yenyewe ni meusi kama masizi. Juu yana ngozi ya kijivu inayopigwa na hewa, lakini ukichimba kiasi cha kiwiko unakutana na weusi mtupu, na harufu ya yai viza inakupanda mpaka kwenye macho. Harufu hiyo haitoki kwa kuoga mara moja. Waliofanya kazi ya makumbi walijulikana hata msikitini, upande wa wanawake, kabla hawajatoa salamu.

Kila shimo lilikuwa na mwenyewe. Alama zake zilikuwa duara la mawe na kijiti cha mkoko kilichochomekwa katikati, na hapakuwa na mlinzi. Mwanamke hakufungua shimo la mwenziwe, hata kama wamegombana, hata kama hawasalimiani. Aliyewahi kufanya hivyo alihama mji, na jina lake halikupewa mtoto tena. Kwa hiyo kama kulikuwa na mahali Kiuyu ambapo kitu kingeweza kukaa bila kufuli na kisiguswe, mahali penyewe palikuwa pale. Mwatum alikosea hapo. Aliwajua vizuri watu watakaoliheshimu shimo lake, na hakuyafikiria matope yaliyomo ndani.

Ilikuwa mwaka wa sitini na moja, miaka ile ya siasa, ambapo watu wa mtaa mmoja waliacha kununua katika duka moja na wengine waliacha kuzikana. Mwezi wa Juni, baada ya uchaguzi, habari za mauaji zilivuka kutoka Unguja, na kila aliyezisimulia aliziongezea kidogo. Bi Ghania, jirani yake Mwatum, mwanamke wa ukoo uliotoka Omani, aliamua kuhamia kwa kaka yake Tibirinzi, mjini Chake, mpaka mambo yatulie. Siku ya kuondoka alikuja nyumbani kwa Mwatum kwa mlango wa uani, na kitu amekifunga ndani ya kanga.

"Dada, hivi siwezi kusafiri navyo," alisema. "Barabarani watu wanapekuliwa, na huko niendako nyumba imejaa."

Alikifungua. Yalikuwa mafurungu mawili ya fedha, mazito, ya kuvaa miguuni, na mkufu wa nyuzi nyembamba za fedha zilizosukwa kama ukili. Mkufu huo aliuvaa bibi yake siku ya harusi, kisha mama yake, kisha yeye, na sasa ulimsubiri binti yake Badriya, aliyekwisha kuposwa.

"Viweke chini ya kitanda chako," alisema Bi Ghania. "Usiniandikie wala usinitumie salamu kwa ajili ya vitu hivi. Nikijua viko chini ya kitanda chako, nitalala."

"Vitakaa chini ya kitanda changu," alijibu Mwatum. "Nenda salama."

Watu hawa walikuwa wamepikiana wakati wa uzazi na kukaa eda pamoja. Hapakuhitajika kiapo.

Lakini nyumba ya Mwatum ilikuwa ya makuti, na yeye mjane, anaishi peke yake. Kila usiku alilala juu ya kile kitanda na kusikiliza. Mbwa akibweka alikaa kitako. Mtu akikohoa njiani alishuka na kupapasa chini ya kitanda. Asubuhi moja kisimani, Mwanawema, mwanamke mwenye ulimi mkali ambaye shimo lake la makumbi lilikuwa jirani na la Mwatum, alimnusa begani mbele za watu.

"Mwatum, siku hizi unanukia udi. Au umeachiwa nyumba ya Waarabu uifukize?"

Watu walicheka. Ulikuwa mzaha, na Mwanawema aliendelea kuvuta maji. Mwatum alirudi nyumbani na ndoo nusu. Alijiambia kwamba wameshajua. Aliona makuti yanawaka moto. Aliona watu wanaingia na kuinua godoro la sufi. Bamvua lilipofika na bahari ikatoka mpaka mbali, alikwenda kufukia makumbi mapya, na chini kabisa ya shimo, ndani ya kikapu cha ukili, chini ya makumbi yenyewe, aliziweka fedha za Bi Ghania. Alikuwa ameivua pete yake mwenyewe, kama kawaida.

Hakumwambia Bi Ghania. Alijipa sababu kwamba aliambiwa asitume salamu.

Usiku ule alilala. Alilala vizuri kwa miezi, mvua za mwaka zikaja na kupita, mpaka siku ndugu yake alipomletea jiwe.

Mjaka, mdogo wake wa mwisho, alikuwa amepata kazi kwenye kampuni iliyokuja kisiwani kutafuta mafuta. Walisimamisha mnara wa chuma na kutoboa ardhi kwenda chini mchana na usiku, na kazi ya Mjaka ilikuwa kuosha mawe yaliyotolewa humo na kuyapanga kwenye masanduku. Alasiri moja ya mwezi wa Shaabani alikuja kumtazama dada yake, akaketi kwenye kibaraza cha uani na kutia mkono mfukoni.

"Dada, funga mlango. Nimekuletea dhahabu."

Mwatum aliruka kweli kwenda mlangoni. Mjaka akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Ingekuwa dhahabu ningekuja kwa miguu? Njoo uone."

Kilikuwa kipande cha jiwe jeusi, laini, lenye matabaka kama kurasa za msahafu uliofungwa. Katikati yake ulipita mstari wa chembechembe za manjano zinazong'aa.

"Hili limetoka chini, mbali kuliko kisima chochote," alisema Mjaka. "Unajua lilikuwa nini? Tope."

"Wee! Tope likawa jiwe?"

"Wallahi. Bwana wa mawe wa kampuni ametueleza. Anapenda kusema yule bwana, ukimpa chai haachi. Anasema zamani, zama ambazo Mungu ndiye anayezijua, palikuwa na bahari iliyotulia, chini yake hapafiki hewa. Majani na vijidudu vya baharini vikifa vinazama humo. Hakuna mnyoo wa kuvila, maana mnyoo nao unataka hewa. Basi vinarundikana na tope, vinaoza polepole, tope linakuwa jeusi tititi."

"Kama kule kwetu kwenye makumbi."

"Ndivyo nilivyomwambia! Akafurahi, akasema hasa, nenda kachimbe kwenye mikoko utaona mwanzo wa jiwe hili. Sasa sikiliza. Kwenye tope hilo kuna vijidudu vyengine, vidogo huvioni, vyenyewe havitaki hewa. Ndivyo vinavyotoa ile harufu ya yai viza. Na ile harufu, dada, ndiyo inayokamata."

"Inakamata nini?"

"Madini. Maji ya bahari yana madini ndani yake, chuma, shaba, na mengine, yameyeyuka kama chumvi ila haba sana, ulimi hauwezi kuyajua. Yakifika kwenye tope na kukutana na ile harufu, yanashikana nayo, yanakuwa chembe, hayatoki tena. Mengine yanang'ang'ania ule uozo wenyewe. Mwaka baada ya mwaka, tope linalimbikiza. Halafu juu yake linashuka tope jengine, na jengine, linagandamizwa mpaka linakuwa jiwe. Na pengine baadaye maji ya moto yanapanda kutoka chini kupitia nyufa, yamebeba madini zaidi, yanayaacha humo humo. Ziko nchi watu wanachimba shaba kwenye mawe meusi kama haya."

"Na hii dhahabu?"

"Si dhahabu. Ni chuma kilichoshikana na kiberiti upele, ule unga wa manjano tuliopakwa udogoni. Hakina bei. Kampuni yenyewe inatafuta mafuta, haina haja nacho."

Alichukua kisu cha nazi na kulipasua jiwe kwa mgongo wake. Lilipochanika, Mwatum aliinama kulitazama. Harufu ilikuwa hafifu, lakini aliijua. Ilikuwa harufu ya shimo lake.

"Na fedha?" aliuliza.

"Fedha gani?"

"Fedha ya mapambo. Ikiingia kwenye tope lile."

"Hiyo ndiyo inakamatwa upesi kabisa. Bwana mwenyewe aliangusha saa yake ya fedha kwenye mikoko kule Shumba. Ilipopatikana ilikuwa nyeusi kama chungu, na mnyororo wake mwembamba ulikuwa umeliwa, unakatika ukiushika." Mjaka alimtazama. "Kwani nani mwenye fedha hapa?"

"Nauliza tu," alisema Mwatum, akaenda kumkorogea chai ambayo hakuitia sukari.

Tangu siku ile usingizi ulimhama. Mama yake na wazee wengine hawakuwa wanasema uongo. Walikuwa wameona pete zinaharibika, wakaweka sharti, na wasipokuwa na maelezo walisema matope yana choyo. Yeye alilishika sharti lile kwa ajili ya pete yake isiyo na thamani, akaliacha kwa kitu cha watu.

Alitaka kwenda kufukua siku ile ile. Hakuweza. Yalikuwa maji mafu, bahari haitoki wala haijai sawasawa, na mashimo yalikuwa chini ya maji. Alikwenda ufukweni akasimama, maji ya kahawia yanacheza juu ya mahali anapopajua, kijiti chake cha mkoko kimetokeza ncha tu. Alirudi. Kesho yake alikwenda tena, bila haja yoyote. Kila alipofumba macho aliona ule mkufu, uzi kwa uzi, tope linaushika na kuushika, kimya, bila haraka, kwa namna lilivyofanya tangu kabla hajaumbwa mtu.

Na katikati ya siku hizo dereva wa lori la karafuu alimletea salamu kutoka Chake. Harusi ya Badriya ingekuwa mfungo mosi, baada ya Idi. Bi Ghania alikuwa anakuja Kiuyu kabla ya Ramadhani kuchukua vitu vyake, ampelekee sonara avisafishe.

"Amesema nikwambie kwamba amelala miezi yote hii," dereva alimaliza. "Sijui maana yake. Nimeambiwa niseme hivyo hivyo."

Mwatum alimshukuru. Alipofika ndani alikaa sakafuni.

Bamvua lilipokuja, alikuwa wa kwanza ufukweni, na bado Mwanawema alimkuta. Mwatum alikuwa amekwisha kuyatupa mawe pembeni na kuzama mpaka magotini, anayatoa makumbi yasiyokomaa na kuyarusha nyuma yake kama mtu aliyepandwa na kichaa.

"Shoga, makumbi hayo si bado?" Mwanawema alisimama na kumwangalia. "Unafukua mimba changa? Au umesahau roho yako humo?"

"Nimesahau pete."

"Pete! Wewe? Wewe unayetuvua sisi vipini puani?" Mwanawema alipiga makofi, akawaita wenziwe. "Njooni muone! Hakimu leo kashtakiwa!"

Walicheka wote, na Mwatum akacheka nao. Hakuwa ametia fedha yake hata siku moja kwenye matope, na sasa alikuwa amesema uongo wake wa kwanza katika jambo hili, na ulikuwa umetoka kwa urahisi, kama mate. Aliendelea kuchimba. Kikapu alikipata kwa vidole kabla ya kukiona. Alikifunika kwa makumbi, akakitia kwenye pakacha na kwenda nacho nyumbani bila kunawa.

Uani, peke yake, alikifungua. Mafurungu yalikuwepo, mazima na mazito, lakini meusi kama kitako cha chungu, yana magamba yanayobanduka. Mkufu haukuwepo tena kama mkufu. Lilikuwapo donge jeusi lenye umbo la nyuzi, na alipojaribu kulikunjua, lilimkatikia mikononi kama nyasi zilizoungua. Alijaribu tena upande wa pili. Likakatika tena. Akaacha. Kiganjani alibaki na unga.

Mjaka aliitwa na kuambiwa yote. Kisha alisema polepole, "Dada, sema vimeibiwa. Miaka hii nani hakuibiwa? Atalia, atakupa pole, mambo yatakwisha. Ukimwonesha hivi, atasema umeuza fedha zake ukamtengenezea za bandia kwa bati."

"Na wewe ungesema hivyo?"

"Mimi ningesema nini? Mimi ndugu yako. Watu wote watasema hivyo, na siasa hii! Watasema Mpemba kamla Mwarabu, wengine wakushangilie, wengine wakulaani. Unataka hilo?"

Hakulitaka. Hayo ndiyo aliyoyaogopa kuliko moto. Alikaa na uongo ule siku nzima, akiugeuza na kuujaribu. Alijisikia akiusema kwa sauti yake mwenyewe, na kilichomtisha ni kwamba ulisikika vizuri. Adhana ya alasiri ilipoita aliinuka kutia udhu, akanawa mikono mara kadhaa, na ile harufu haikutoka. Alisali hivyo hivyo. Baada ya sala alichukua ukwaju na majivu, akachukua furungu moja na kulisugua. Magamba yalitoka, na chini yake ukatokea weupe, umechimbikachimbika kama uso uliopona ndui, lakini ni fedha. Lile la pili aliliacha jeusi kama lilivyotoka. Unga na vipande vya mkufu alivitia kwenye kisahani, hata kile kilichobaki kwenye kucha.

Bi Ghania alikuja na Badriya. Waliamkiana, wakaulizana hali za watoto na za wagonjwa, kahawa ikamiminwa. Bi Ghania alikuwa amekonda, lakini alikuwa na furaha, na aliizungumza harusi mpaka Mwatum akashindwa kuvumilia, akaleta sinia na kuliweka chini baina yao.

"Nini hiki?" aliuliza Bi Ghania.

"Vitu vyako."

"Hivi si vyangu, dada. Umekosea kifurushi."

"Lishike furungu hili. Tazama ndani, upande wa kufungia."

Bi Ghania alilishika lile jeupe. Ndani palikuwa na kibonde kidogo, alichokifanya mwenyewe utotoni alipoligonga kwenye kinu na kupigwa na mama yake. Alipitisha kidole juu yake. Akashika na lile jeusi, akalipima kwa uzito. Kisha akakitazama kisahani, na hakuuliza kilikuwa nini.

Mwatum alimwambia yote, woga wake, kisima, shimo, na uongo wa pete. Akamtolea lile jiwe la Mjaka, akamweleza jinsi tope lisilo na hewa linavyoyashika madini na kutoyaachia, na kwamba ndivyo jiwe lile lilivyopata chembe zake, na ndivyo mkufu ulivyokwisha. Maneno yalimtoka mengi na ya haraka. Badriya aliliokota jiwe, akalinusa na kulirudisha.

"Nakuamini," alisema Bi Ghania. "Sisemi umeiba. Fedha ni yangu, naijua. Lakini niambie. Nilipokwambia chini ya kitanda, ulinijibu nini?"

"Nilisema vitakaa."

"Vilikaa?"

"Havikukaa."

"Ungeniletea salamu kwamba umeogopa, hata kama nilikukataza, ningemtuma mtu avichukue, na nisingekulaumu. Hata mimi niliogopa, ndiyo maana nilikimbia. Nimelala miezi minane kwa neno lako, kumbe neno lenyewe halikuwepo." Aliyafunga mafurungu ndani ya kanga yake. Sauti yake haikupanda. "Mimi sikuyapa matope amana, Mwatum. Nilikupa wewe."

Alimwita kwa jina, Mwatum, si dada. Alimshika Badriya mkono wakaondoka. Kahawa ilibaki kwenye vikombe.

Harusi ilifanyika mfungo mosi, na bibi harusi hakuvaa mkufu. Mwatum aliendelea na kazi ya usumba, aliivua pete yake kila aliposhuka pwani, na hakumzuia tena mwanamke yeyote aliyesahau kuvua yake. Aliwaambia sababu tu, kwa maneno machache. Shimo lile alilijaza na kulihama.

Kuvunja sharti kulimgharimu Bi Ghania mkufu uliovaliwa na mabibi harusi wa nyumba yake kwa vizazi. Mwatum kulimgharimu jirani aliyekuwa akimwita dada, na tangu siku ile hakuna mtu wa Kiuyu aliyemwachia kitu amshikie.